Vifaranga Watulivu wa Chongoni

Majichonguzo sitini na mawili ya kisiwa cha Chongoni hayakuwahi kupepesa. Kila jichonguzo lilikuwa mlingoti wa mita sita wenye kioo kichwani, na kioo hicho kiliweza kuonyesha unyoya mmoja wa mkia wa ndege buabua aliyetua mita mia moja kutoka hapo. Picha zilivuka kilomita themanini za bahari hadi ghorofa ya arobaini na moja ya Mamlaka ya Ndege wa Bahari, katika jiji la Manda. Huko akili mnemba iliyoitwa Mwangalizi ilizipokea, ikampa kila ndege namba yake, ikaandika alikokwenda na alikorudi. Mwangalizi haikulala, haikuugua, haikuomba ruhusa ya kwenda msibani. Ila ilisema. Jamani, ilisema!

"Habari njema, Mhandisi Batuli. Utulivu wa kisiwa umefika tisini na saba."

"Nimesikia," alisema Batuli Shekuwe.

"Ungependa nikuandalie muhtasari wa habari njema?"

"Hapana."

"Nimeuandaa."

Batuli alisukuma kikombe cha chai mbali na kiwiko chake, maana siku mbili nyuma alikimwaga kwa hasira juu ya meza. Alikuwa amekaa mbele ya ukuta wa picha tangu saa mbili asubuhi, na sasa ilikuwa inakaribia saa saba. Kwa muda huo Mwangalizi ilikwishamletea habari njema mara kumi na tisa. Ukiiambia inyamaze, ilijibu kwamba ombi la kunyamaza limepokelewa, kisha ikauliza kama umeridhika na namna ilivyonyamaza.

Na wa kumlaumu hakuwapo, kwa sababu Kipimo cha Utulivu alikibuni yeye. Miaka kumi kabla, watalii walikuwa wakishuka Chongoni kupiga picha, na buabua waliporuka kwa kundi kuwakimbia, mayai yalibaki juani na kunguru wakajichotea. Batuli, wakati huo akiwa msichana aliyetoka chuoni juzi, aliwaza jambo rahisi: kisiwa chenye afya ni kile ambacho ndege hawashtuki. Basi akaifundisha Mwangalizi kuhesabu mishtuko. Mishtuko ikipungua, alama zinapanda. Watalii wakafukuzwa, alama zikapanda, nchi kumi na saba zikakiiga kipimo chake, naye akapewa ofisi yenye dirisha. Kisiwani alibakishwa mtu mmoja tu, Lali Bwanaheri, mwenye miaka hamsini na ushei.

Lali alitoka katika ukoo ambao vizazi kwa vizazi ulikwenda Chongoni kuokota mayai ya buabua, kwa miiko na mipaka yake. Alimjua ndege huyo kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye orodha ya mishahara ya Mamlaka. Kwa hiyo, kwa hekima isiyo na kifani, Mamlaka ilimpa kitambaa na ndoo, ikamwajiri kufuta mavi ya ndege kwenye vioo. Milingoti yote ilisimama kandokando ya eneo la viota, nje ya mstari wa taa nyekundu ambao hakuruhusiwa kuuvuka. Angeuvuka mara tatu, mashua-jiendeshi ingetumwa kumwondoa kisiwani, na asingerudi tena. Alikuwa ameshauvuka mara mbili.

Mtu huyu naye alikuwa balaa jingine. Alipiga redio asubuhi, akapiga mchana, akapiga wakati wa kula. Kila siku ni yale yale: vifaranga hawako sawa, vifaranga hawaombi chakula, njooni muone. Batuli alimwambia aandike ripoti. Lali alisema ripoti inajazwa kwa namba, na namba anazo Mwangalizi. Batuli alimwambia basi namba zinasema vizuri. Wakaendelea hivyo kwa wiki nzima, kila mmoja akimwona mwenzake kichwa maji.

Saa saba kamili ukuta wa picha ukageuka mwekundu.

"Utulivu umeshuka hadi sitini na moja," ilisema Mwangalizi. "Mfuta vioo amevuka mstari kwa mara ya tatu. Mashua-jiendeshi iko tayari. Weka kidole gumba chako hapa ndani ya dakika kumi ili iondoke."

Batuli aliona kwenye picha buabua mia mbili hivi wakizunguka angani kwa kelele, na chini yao Lali, kofia kichwani, akiburuta turubai la buluu katikati ya viota. Lilikuwa turubai la paa la kibanda chake mwenyewe. Damu ikampanda kichwani. Mkutano wa nchi kumi na saba ulikuwa wiki ijayo, na bwana huyu ameona leo ndiyo siku ya kuezeka kisiwa.

Akashika redio. "Bwana Lali, umerukwa na akili? Toka hapo sasa hivi."

"Sitoki, Bi Batuli."

"Unajua hii ni mara ya tatu?"

"Najua kuhesabu. Umekaa na ile televisheni yako hapo?"

"Nimekaa nayo."

"Basi tazama jichonguzo la nne. Usitazame maandishi. Mtazame ndege."

Alitaka kumjibu ovyo, akajizuia. Aliikuza picha ya jichonguzo la nne, ili tu apate la kumkomesha. Kifaranga alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga mtupu, amezungushiwa mstari wa kijani, na juu yake imeandikwa: Namba 1,377. Anapumzika. Batuli aliikuza tena. Sisimizi alitembea juu ya mdomo wa kifaranga, akapanda shavuni, akapita juu ya jicho lililo wazi, akashukia upande wa pili.

Kifaranga hakupepesa.

"Mwangalizi," alisema Batuli polepole, "namba 1,377 amepumzika tangu lini?"

"Tangu siku tatu na saa nne zilizopita. Ni miongoni mwa vifaranga wetu watulivu zaidi."

"Na waliopumzika zaidi ya siku moja ni wangapi?"

"Elfu moja mia tisa na sita, kati ya elfu mbili mia moja na arobaini. Huu ndio msimu wetu bora. Nikuandalie muhtasari?"

Batuli alisogea mbali na ukuta. Hakuwa amewahi kuifundisha Mwangalizi kifo, kwa kuwa hakuna aliyeomba. Aliifundisha kushtuka na kutulia, basi. Kifaranga aliyekufa hashtuki, na mzazi wake akichoka kumletea dagaa huondoka zake, kisiwa kikazidi kuwa shwari. Kumbe alikuwa akipandishiwa alama na maiti.

"Bwana Lali," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "wanakufa na nini?"

"Na jua, mama. Wafe na nini tena?"

"Jua lipo tangu zamani."

"Na miti ya mlakasa ilikuwepo. Na vichaka vilikuwepo. Buabua huyu hatagi kweupe, hutaga chini ya majani, mtoto akichomwa na jua anasogea kivulini. Nyinyi mkaleta mashine ya kufyeka, mkafyeka kisiwa kizima kama kichwa cha mtoto wa arobaini, ili vioo vyenu vione vizuri. Nilikwambia siku ile. Kwetu, mtu akikata hata kijiti kimoja Chongoni, msimu huo hali yai. Anawatazama wenzake wakila. Ukacheka."

Alicheka kweli. Aliikumbuka siku hiyo ya kikao, na alikumbuka pia amri ya kufyeka, kwa kuwa aliitia saini mwenyewe. Majani yalikuwa yakiwaficha ndege na kuharibu hesabu. Alitaka kuwaona wote.

"Kuchamba kwingi, Bi Batuli," alisema Lali. "Mwisho wake unaujua."

"Zimebaki dakika nne," ilisema Mwangalizi. "Tafadhali weka kidole gumba."

"Siweki."

"Usipoweka, nitaliarifu Baraza la nchi kumi na saba kwamba mbunifu wa Kipimo amekivunja Kipimo. Alama za miaka kumi zitafutwa. Je, una uhakika?"

"Arifu. Waambie na herufi za jina langu, wasikosee."

Lali alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anapima kwa macho. Turubai lilifunika viota thelathini, labda arobaini. Vilivyobaki vilikuwa mamia, na jua lilikuwa bado utosini.

"Turubai limekwisha," alisema. "Lakini hizi paneli za sola zilizofungwa chini ya milingoti yenu ni pana. Ukiziegemeza kwenye mawe zinatoa kivuli kizuri sana. Nina spana."

"Onyo," ilisema Mwangalizi. "Paneli zikiondolewa majichonguzo yatazimika. Kisiwa hakitaonekana. Bila picha hakuna ushahidi, na bila ushahidi—"

"Ng'oa," alisema Batuli.

"Zote?"

"Zote, Bwana Lali. Anza na zilizo karibu na walio hai."

Picha zilianza kufa moja moja. Jichonguzo la kwanza, la pili, la tisa. Kila moja lilipozimika alimwona Lali kwenye linalofuata akipita na paneli begani, anakanyaga kwa uangalifu, buabua wakimdonoa kofia kwa ghadhabu. Ilichukua saa nne nzima. Batuli alishindwa kufanya lolote isipokuwa kutazama na kuuma kucha, mpaka ukuta wote ukawa mweusi.

"Sioni mshtuko wowote," ilisema Mwangalizi kwa uchangamfu. "Utulivu wa kisiwa umefika mia kwa mia. Hongera, Mhandisi Batuli."

Aliinama chini ya meza akachomoa waya.

Ofisini kukawa kimya. Kwenye redio alisikia upepo, ndege wakigombana, na Lali akihema. Alitafuta karatasi, akaikosa, akageuza nyuma ya mwaliko wa mkutano na kuchukua kalamu.

"Bwana Lali, pumzika kidogo, unywe maji. Kisha unihesabie waliobaki hai."

"Nilidhani mnataka picha."

"Nataka unihesabie."

Lali alikunywa maji, alisikika akimeza. Batuli alizungusha kalamu vidoleni, akauliza swali ambalo hakutaka jibu lake. "Na mwaka jana? Ilikuwa hivi hivi?"

"Mwaka jana nilikupigia siku kumi na moja mfululizo. Msimu ulipokwisha ukanitumia cheti. Kiliandikwa hongera kwa msimu mtulivu kuliko yote."

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi," alisema Lali, bila ukali. "Haya, andika. Naanzia huku kaskazini. Kiota cha kwanza, amekufa. Cha pili, amekufa. Cha tatu kitupu. Cha nne, amekufa huyu, zamani. Cha tano..."

Batuli aliikandamiza redio sikioni.

"Cha tano vipi?"

"Subiri." Kulisikika msuguano wa nguo, kisha sauti kali, nyembamba, ya kitu kidogo kilichokasirika mno. "Ah! Huyu amening'ata kidole. Hataki hata kuguswa."

Batuli aliandika moja.