Taa za Javan Zilizoangalia Barabara

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe kumi na mbili Aprili 2024, na asubuhi yake ilikuwa tamu kweli. Mvua ilikuwa imenyesha hapa kwetu Kosele, mahindi yamesimama, na Trizah anachemsha chai. Mama mkwe wake, Bathsheba, akamtania kutoka mlangoni kwake, kule upande wa juu wa boma.

"Trizah, hiyo chai ni ya wageni, ama hata sisi wa nyumba ya zamani tutaonja?"

"Mama, kikombe chako ndicho cha kwanza!"

Mumewe Javan, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, hakusikia. Alikuwa barabarani na fundi Mayaka, wakipanga taa za mbele ya nyumba yao mpya iliyo karibu na lango. Zingine za kumulika ukuta kutoka chini, zingine fupi za kando ya njia ya gari. Jioni watu wa kanisa wangekuja kuombea nyumba, na Javan alitaka jambo moja tu: mpita njia aseme, hapa kuna mtu.

Trizah akamfuata. "Baba Austine, weka hata moja kwa njia ya mama. Mmechimba mtaro wa waya papo hapo anapopita."

"Na nani ataiona kule? Wageni wanapitia kwa mama?"

"Mama mwenyewe ataiona."

"Mama anaijua hiyo njia tangu kabla mimi sijazaliwa. Mtaro tutafukia kesho."

Ndugu zangu, msimcheke peke yake. Alijifunza wapi? Kwa wakubwa wetu. Mheshimiwa akija, mawe ya lango la zahanati yanapakwa chokaa, na ndani dawa hakuna. Na wewe mwenye mke wa kukuambia ukweli, msikilize angali anasema. Kiti chake kikibaki kitupu, utaongea na ukuta.

Giza lilipoingia, Javan akabonyeza swichi. Nyumba ikang'aa, vigelegele vikapaa. Havijaisha, ardhi iliyolowa ikatapika kumbikumbi! Wakaja wingu zima, moja kwa moja kwenye taa. Wakajaa kwenye wali, kwenye soda, kwenye kofia za kina mama. Mchungaji akameza mmoja kabla ya kufika Amina.

"Ng'wen! Ng'wen!" watoto wakashangilia, wakiwaita kumbikumbi kwa Kijaluo.

Kule juu, Bathsheba naye aliwaona. Mama wa Kosele aone kumbikumbi halafu akae ndani? Akajaza karai maji ya kuwanasia, akateremka. Mwanga wa mbali ukampiga machoni, na miguuni kwake giza tupu.

Trizah ndiye aliyesikia karai likilia. "Mama!" Akakimbia kuelekea juu. "Mama!"

Javan, mwenye taa zote hizo, alimtafuta mama yake kwa tochi ya simu. Wakamkuta amekaa mtaroni, matope mpaka kwa kitambaa cha kichwa.

"Msinivute hivyo, mguu umekataa," akasema. "Javan, nilikuwa nakuja kuona taa zako. Za huku bado ziko njiani?"

Watu waliangua kicheko. Javan alishuka mtaroni akamkumbatia, akilia kama mtoto.

Mguu uliteguka tu, Mungu asifiwe. Asubuhi Mayaka akaitwa.

"Fukia mtaro kwanza," Javan akamwambia. "Halafu zile za njia ya gari, ng'oa zote. Zipande kutoka mlango wa mama mpaka chooni, mpaka jikoni kwetu."

"Na barabarani wataona nini?"

"Waone lango. Lango halitoshi?"

Siku hizi kumbikumbi wakitoka, majirani hukimbilia kwenye taa za Bathsheba na makarai yao. Wanakaanga na chumvi, wanacheka mpaka mbwa wanabweka.

MAFUNZO

Ndugu msomaji, usipambe mahali pa kutazamwa huku wa nyumbani mwako wanajikwaa. Taa ni ya anayetembea. Na ukikosea, rekebisha upesi kama Javan. Yeye aliambiwa na mkewe, akapuuza, lakini mama yake alipoanguka akasikia. Hawa tuliowapa mamlaka tumewaambia miaka nenda rudi. Je, ni lazima aanguke mama wa nani ndipo wasikie?