Nyumba ya Tano

Kila Jumapili asubuhi Isaro alikuwa akimpigia mama yake pasi kitenge cha kwendea kanisani. Wiki hii pasi iliwashwa siku moja mapema. Saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa lao mtaani Riverside, mjini Buffalo, wangetunukiwa heshima viongozi watatu wa mashinani, weusi kama yeye, walioihangaikia mitaa iliyosahauliwa mpaka ikapata nishati safi. Sylveri wa Louisville alikuwa amewaunganisha wapangaji hadi jengo lao likafungwa paneli za sola. Kirezi wa Columbus aliwafundisha akina mama ufundi wa kuzifunga. Wa tatu alikuwa jirani yao, Mama Kavugho.

Riziki yake Mama Kavugho aliipata kwa kuwatunza wazee. Saa zake za mapumziko alizitoa kupita nyumba kwa nyumba, akitafuta zile zinazovuja joto, ili jiji lizibe nyufa na kuzifungia mashine mpya za kupashia joto. Hakuwa akiulizia shida za watu mlangoni. Aliingia, akaketi, akanywa chai aliyopewa, kisha akauning'iniza ukanda wa karatasi laini kando ya dirisha. Ukitikisika, baridi inaingia.

"Wazee wetu ukiwauliza mlangoni, watakujibu wanamshukuru Mungu," aliwaambia vijana aliowafundisha. "Wanaona vibaya kumchosha mgeni na shida zao. Bon, basi iulizeni karatasi. Hiyo haina haya."

Isaro, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa miongoni mwa vijana hao, na alikabidhiwa nyumba tano. Nne alizipima kwa uaminifu. Alipofika ya tano, ya Bibi Nyiramahirwe, wenzake walikuwa wakimngoja kilimani wakateleze kwenye theluji.

"Karibu chai, mjukuu wangu," bibi alisema.

"Siku nyingine, bibi. Nyumba ina baridi?"

"Tunamshukuru Mungu, mtoto. Tuko wazima."

Isaro akaandika: Karatasi haikutikisika. Akakimbia zake.

Sasa alipomaliza kupiga pasi, mama yake, Mama Immaculée, alimpa bakuli lililofunikwa. "Mpelekee Bibi Nyiramahirwe sombe hii, majani ya muhogo yamepikwa vizuri. Miguu inamuuma, sidhani kama atafika ukumbini."

Isaro alimkuta bibi jikoni, amevaa koti, blanketi mabegani, ameketi mbele ya jiko la gesi ambalo mlango wa oveni yake uliachwa wazi, moto ukiwaka ndani.

"Kichwa kinanigonga tangu asubuhi," bibi alisema kwa sauti nyonge.

Moyo wa Isaro ulishtuka. Mama Kavugho alikuwa amewaonya kwamba jiko la namna hiyo si la kupashia nyumba joto, kwani hutoa hewa ya sumu isiyonuka. Alilizima, akafungua mlango, akamshika bibi mkono na kumtoa nje, kisha akampigia mama yake simu. Wazima moto walikuja, wakapima hewa na kumchunguza bibi, wakasema ametolewa kwa wakati. Walipomaliza, Isaro alirudi ndani, akatoa ukanda wa karatasi mfukoni na kuuning'iniza dirishani. Ulipepea kama bendera.

"Mwanangu, umemwokoa!" Mama Immaculée alisema, akimlaza bibi kwenye kochi nyumbani kwao. "Mama Kavugho atajivunia akisikia."

Sifa hiyo ilimchoma Isaro. Mchana huo Mama Kavugho angemkabidhi mjumbe wa jiji orodha ya nyumba zote zilizopimwa, na kutamka mbele ya watu wote kwamba kila nyumba iliingiwa. Kama Isaro angenyamaza, bibi angebaki kwenye baridi hadi mwaka mwingine, na mama yule mkweli angesema uongo bila kujua.

Akaenda ukumbini. Mama Kavugho alikuwa akipanga viti.

"Kiongozi gani huyu anajipangia viti vya sherehe yake?" Sylveri alimtania.

"Kwani Louisville mnakaa chini? Shika upande huo!"

"Mama Kavugho," Isaro aliita, machozi yakimlengalenga. "Nyumba ya tano sikuingia. Niliandika uongo."

Kiti kilitua sakafuni taratibu. "Donc, yaani karatasi haikutikisika kwa sababu ilikuwa mfukoni mwako?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Bibi alikuwa anaota moto wa jiko la gesi. Sasa yuko kwetu, ni mzima."

Mama Kavugho aliichukua orodha mezani. "Ashukuriwe Mungu. Leta kalamu, tutoke."

"Lakini watu wameanza kufika!"

"Watangoja. Wanatusifu kwa kuingia majumbani, basi watukute tunaingia."

Wageni wa heshima wote watatu, pamoja na Isaro, wakaifuata njia yenye theluji kwenda nyumbani kwa bibi, na vitenge vyao na viatu vya sherehe.

"Columbus pia theluji ipo," Kirezi alilalamika akiteleza, "lakini yetu ina adabu!"

Walipima kila dirisha. Isaro aliikata sentensi yake ya uongo, akaandika ukweli, akatia jina lake chini.

Sherehe ilichelewa karibu saa nzima. Mama Kavugho aliiinua orodha. "Humu mlikuwa na kosa. Aliyelifanya amelisahihisha mwenyewe. Sasa naweza kuikabidhi bila haya."

Hakumtaja mtu. Isaro ndiye aliyesimama mwenyewe. Kigelegele kikapasua ukumbi. Alikuwa Bibi Nyiramahirwe, aliyeletwa kwa gari la jirani, amejifunika blanketi la Mama Immaculée.

Kabla theluji haijaisha, nyumba ya bibi ilizibwa nyufa na kufungwa mashine mpya. Isaro na Mama Kavugho walikwenda kuipima. Waliingia, wakaketi, wakapewa chai. Isaro akauning'iniza ukanda wa karatasi dirishani. Ulitulia tuli.

"Watu wanadhani heshima tulipewa ukumbini," Mama Kavugho alisema. "Tulipewa kila mtu alipotufungulia mlango wake akatuamini. Hiyo ni amana, mwanangu. Ukiandika usichokiona, umemfungia mwenzio nje ya haki yake. Ingia kwanza, uone, ndipo uandike."

"Na umalize chai," Bibi Nyiramahirwe alidakia.

Isaro akacheka, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho.