Mikono ya Mama na Hesabu ya Uongo

Kila siku baada ya shule Mwanabaraka alipitia saluni ya hina ya Bi Sabira, Mji wa Kale, kumngoja mamake warudi pamoja Majengo. Alisalimu, akavua viatu, akakaa kando na kitabu chake. Lakini tangu harusi zianze kuwa nyingi, kitabu hakikusomeka. Alimtazama mamake tu, na hasira ikampanda.

Mamake, Mejumaa, alifanya kazi akiwa chini mkekani, magoti yamekunjwa, kidevu kimegusa kifua. Mteja amejinyoosha kwenye kochi, mguu uko sakafuni. Mkono wa Mejumaa ulishika koni ya hina hewani, bila pa kuegemea, mteja baada ya mteja. Nyumbani Mwanabaraka ndiye aliyekamua nguo na kufungua chupa ya chai, maana vidole vya mamake vilikuwa vinakufa ganzi.

Siku moja mstari wa hina ulitetemeka. Bi Sabira akaja juu.

"Mejumaa! Haya ni maua au minyoo?"

"Mkono umekufa ganzi, Bi Sabira. Nipe dakika mbili."

"Dakika mbili kila siku! Mimi nimechora miaka kumi papo hapo ulipokaa, na sikulia. Uvivu huo. Ijumaa tuna bibi harusi. Ukimharibia, usirudi hapa!"

Shuleni, Mwalimu Dzoro wa chama cha afya alikuwa amewapa kazi. Kila mmoja achunguze kazi ya mtu mzima: mwili umekaaje, kitendo kinarudiwa mara ngapi, nguvu kiasi gani zinatumika, anapumzika lini. Kisha amuulize panapomuuma.

Mwanabaraka alijaza karatasi yake huku meno yameumana. Wateja wanane akawaandika ishirini. Mapumziko akaandika hakuna. Kesho yake akaibwaga mezani kwa Bi Sabira.

"Soma! Unamuua mamangu!"

Bi Sabira alisoma, akacheka kwa dharau. "Wateja ishirini? Ningekuwa nao ningeshahamia Nyali kwa matajiri! Na eti hapumziki. Alasiri anaswali saa ngapi, akiwa na koni mkononi? Mejumaa, mtoto wako mwongo, na wewe ndiye uliyemtuma."

"Sikumtuma, wallahi."

"Basi Ijumaa ndiyo mwisho wako."

Walipofika nyumbani mamake alimpa ufunguo afungue mlango. "Nilikuwa na mkono mbovu," alisema. "Sasa nina jina bovu pia."

Mwalimu Dzoro alipoambiwa, naye alifoka. "Chumvi uliitia ya nini? Wateja wanane si wengi? Ulikuwa na ukweli mkononi, ukautupa mwenyewe! Rudi, uombe radhi. Upime upya mbele ya macho yake."

Ijumaa Mwanabaraka alisimama mbele ya Bi Sabira. "Nilidanganya. Nisamehe. Naomba kupima tena, kwa saa yako ya ukutani."

"Pima. Ukizidisha hata moja, nitakutoa kwa sikio."

Bibi harusi akaja na mamake. Mejumaa alimaliza mguu mmoja vizuri. Alipoanza wa pili, koni ikamponyoka, ikadondoka zuliani.

"Mnatuchezea?" mama wa bibi harusi alipiga kelele. "Wageni wako njiani!"

Bi Sabira aliinyakua koni. "Ondoka, Mejumaa! Nitakuonyesha kazi." Akakaa mkekani, akaanza kuchora.

Mwanabaraka alitazama saa, akaandika. Dakika ya kumi na mbili Bi Sabira alizungusha shingo. Dakika ya kumi na tisa alikung'uta mkono. Dakika ya ishirini na sita mchoro wa mguu ulikwisha, akataka kuinuka, asiweze. Mejumaa ndiye aliyemshika kwapani akamwinua.

Bi Sabira aliushika mgongo wake, uso umekunjamana.

"Andika ishirini na sita," alisema bila kumtazama mtoto. "Usiongeze."

"Sikuongeza. Na huo ni mguu mmoja, Bi Sabira."

"Najua kuhesabu!" Kisha sauti ikashuka. "Zamani nilichora watu wawili kwa siku. Wawili. Nilisahau."

Jumatatu, kwa amri ya Bi Sabira, mteja aliwekewa mguu juu ya stuli yenye mto, na mchoraji akapewa kiti na meza ndogo ya kuegemeza mkono. Kati ya mteja na mteja palikuwa na dakika tano za kupumzika. Mejumaa alikwenda kliniki, akaambiwa mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, apumzike wiki mbili. Nafasi yake ya kazi ilimngoja. Bi Sabira hakuacha kufoka, lakini neno uvivu hakulitaja tena.

Mwalimu Dzoro aliinua karatasi ya pili mbele ya darasa.

"Kazi ikimuumiza mtu, msikimbilie kumwita mvivu. Tazameni alivyokaa, hesabuni, muulizeni. Na mnayoyaona yaandikeni vilevile yalivyo, hata mkiwa na hasira." Akamtazama Mwanabaraka. "Hasa mkiwa na hasira."