Ua la Sikio la Kushoto

"Funga mdomo, Palani, nzi wataingia," dada yangu Haunani alininong'oneza.

"Naangalia nyama."

"Nyama iko mezani. Wewe unaangalia mpishi."

Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuingia kwenye ule mgahawa mpya wa mtaani kwetu Kalihi, meza za plastiki, chakula cha Hawaii na cha Korea jiko moja. Mimi fundi wa kuezeka mapaa, mchana nakula popote palipo na kivuli. Haunani ndiye aliyenivuta. Sasa mwenye mgahawa alikuwa amesimama mezani kwetu, anakata mbavu za ng'ombe kwa mkasi mkubwa kama fundi cherehani, na moyo wangu unagonga kama nyundo juu ya bati.

"Naitwa Mi-sook," alisema. "Anza na hii. Nguruwe ndani ya majani ya magimbi. Nimemwekea na kimchi."

Sisi Wahawaii tunamfunga nguruwe kwenye majani ya magimbi tangu enzi za mababu. Kabichi ya pilipili hatumwekei.

"Nani kakuruhusu?" nikamuuliza.

"Jiko langu. Onja kwanza, halafu ugombe."

Nikaonja. Nikasogeza sahani aongeze.

"Vipi, ugomvi umeishia wapi?"

"Nimeumeza."

Alicheka mpaka mkasi ukamtikisika mkononi. Alipogeuka kwenda jikoni, Haunani akanipiga teke chini ya meza.

"Usijisumbue, kaka. Huyo ana mtu."

"Umejuaje?"

"Hayo ni macho au matobo? Angalia ua."

Ua jeupe lilikaa juu ya sikio la kushoto. Kwetu hata mtoto anajua: ua kulia, huna mtu, ua kushoto, una wako. Nikaweka uma chini.

Niliapa sirudi. Kesho yake nikarudi. Nikaendelea kurudi, na kila nikirudi ua liko kushoto, na kila nikirudi naletewa kitu ambacho hakijaandikwa ubaoni. Siku nyingine naagiza kwa simu ili tu nisikie sauti yake. Tangu mke wangu wa kwanza aondoke sijawahi kunyoa ndevu kwa ajili ya chakula cha mchana. Sasa nanyoa.

Nikaona nitaharibu ndoa ya watu. Bosi alipotafuta mtu wa kwenda kufanya kazi kisiwa cha Maui mwaka mzima, nikasema nitakwenda. Siku hiyohiyo, niko juu ya paa, simu ikalia, ujumbe wa Mi-sook.

"Nimechoma samaki kwa pilipili ya kwetu. Wa kwako nimemtenga. Usichelewe."

Hasira zikanipanda. Mke wa mtu ananitengea samaki? Nikaandika:

"Mpe mumeo huyo samaki. Mimi nahamia Maui."

Jibu halikuchelewa.

"Mume wangu amezikwa Busan, kwetu Korea. Kama unataka kunitukana, njoo unitukane usoni."

Niliacha nyundo hukohuko juu. Nikiwa njiani nikampigia Haunani.

"Mi-sook ni mjane."

"Acha uongo. Na lile ua?"

"Ndiyo nakwenda kuuliza."

"Usiende na hayo mabuti ya lami, Palani."

"Nimeshafika."

Mgahawa ulikuwa umejaa. Mi-sook alikuwa kaunta, simu ameibana kwa sikio la kulia na bega, mikono inafunga vyakula. Aliponiona akakata simu.

"Haya. Tukana."

"Kwa nini unavaa ua la mke wa mtu?"

"Nini? Hili nimeliokota hapo nje asubuhi."

"Liko kushoto. Kushoto maana yake una mtu. Asiye na mtu anavaa kulia."

"Kulia nabana simu ya oda. Nikiweka ua huko linapondeka."

Watu waliacha kutafuna. Mi-sook akamgeukia mama mmoja mzee wa meza ya dirishani.

"Anti Momi, unakula hapa tangu nifungue. Ulijua habari hii?"

"Tulijua una mtu, mwanangu," Anti Momi alisema, anajifuta mdomo. "Tulikuwa tunakula huku tukimsubiri tumwone. Mimi niliweka dau ni baharia."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Mi-sook hakucheka.

"Kwa hiyo wanaume wa Kalihi wananikwepa kwa sababu ya simu?"

"Wote," nikasema. "Ila mjinga mmoja aliyeendelea kuja."

"Akaja kunitukana."

"Nilimwonea wivu mtu ambaye hayupo. Nisamehe, Mi-sook."

Alinitazama, akatazama na mabuti yangu. Kisha akalichomoa ua, akalihamishia kulia.

"Sasa hivi nasemaje?"

"Unasema huna mtu."

"Na Maui je?"

Nikampigia bosi pale pale, mbele ya watu.

"Bosi, Maui tafuta mwingine."

"Umepatwa na nini?"

"Samaki wangu anapoa."

Simu ya oda ikalia. Mi-sook akainyanyua, akaiweka sikio la kushoto.

"Huyu anajifunza upesi," alisema Anti Momi.

Harusi tuliifanyia uwanja wa nyuma, pale wateja wanapoegesha magari. Haunani alilia, akala sahani mbili, akalia tena.

Juzi kaingia kijana mgeni, kakaa meza ya karibu na kaunta. Nilipomfikishia mbavu, akaniinamia.

"Mzee, yule mpishi mwenye mkasi, ana mtu?"

"Ua lake liko wapi?"

Akachungulia.

"Kushoto."

"Basi kula nyama yako," nikamwambia, nikaenda kupokea simu. Siku hizi oda napokea mimi.