Hodi Ndani ya Stoo

Nilifundisha Kiingereza miaka tisa kule Same kabla sijaacha chaki na kuanza biashara ya nguo. Ualimu una ubaya wake: mtu akinionyesha neno, lazima nilieleze. Ndivyo ilivyokuwa jioni ile Guangzhou, China, mwaka 1998.

Tulikuwa tumepungukiwa jaketi dazani mbili za watoto, na kontena lilikuwa linafungwa kesho yake. Saa kumi na nusu nikamkokota mdogo wangu Domina tukarudi Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo ya jumla karibu na stesheni. Ilikuwa safari yake ya kwanza. Siku ya kuondoka, mama alinishika mkono akaniambia, "Herieth, huyu unirudishie." Nikamjibu, "Mama nawe, kwani naenda kumtupa?"

Mama Chen, mwenye duka, alitupeleka stoo, ghorofa ya chini kabisa. Hakuna dirisha. Marobota yamepangwa mpaka darini, na taa moja tu inawaka. Kabla hatujaingia akatoa kamusi yake ya betri, ile wanayoandika Kichina ikatoa Kiingereza. Akabonyeza, akanionyesha.

*Gloom*.

"Ndo nini hiyo, Dada?"

"Siyo giza la taa kuzimwa," nikasema, nimesahau kabisa kwamba sipo darasani. "Hilo ni *dark*. *Gloom* ni kiza kilichotuama mahali, kizito, cha huzuni. Unaweza ukawasha taa na bado kipo. Kinasemwa kwa mahali: *gloom* ya pangoni, *gloom* ya ngazi."

Chini ya neno palikuwa na sentensi ya mfano: kitu kilisogea ndani ya *gloom*. Mama Chen akaigusa kwa ukucha. Kisha akaandika yake: taa ikizimika, msiseme neno. Akajiziba mdomo kwa kiganja ili tuelewe.

Domina akacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Mama Chen akatuachia kamusi, akaenda kumtafuta mchukuzi. Hata robota la kwanza hatujalimaliza, tukasikia filimbi ya mlinzi huko koridoni, halafu milango ya chuma ikishushwa, duka moja baada ya jingine... krrrr... krrrr... Niliruka, lakini nilichelewa. Wa kwetu ukashuka ukagota sakafuni.

Taa ikazimika.

Tuligonga mpaka viganja vikawaka moto. Domina akataka kupiga kelele, nikamziba mdomo. Hatua za mlinzi zikapotelea mbali. Hewa ikawa nzito, na ikaja harufu ya nguo zilizolowa na kusahaulika... na ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Nikawasha kamusi. Kimwanga chake cha kijani kikafika kwenye vidole vyangu, kikaishia hapo. Domina alikuwa amenikumbatia, na bado uso wake sikuuona.

Niliogopa sana. Nilijua tumo ndani ya nini, maana nilikuwa nimelieleza mwenyewe.

Kisha, nyuma ya marobota...

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi."

Kwa Kiswahili. Sauti ya upole, ya mgeni aliyetoka mbali akachoka.

Nimelelewa kwenye nyumba ambayo hodi haiachwi ikaning'inia. Niwe jikoni, niwe bafuni, mdomo wangu hujibu kabla ya akili. Wa Domina nilikuwa nimeuziba. Wangu niliuacha wazi.

"Karibu."

Kitu kilisogea.

Mikono ya Domina ikaniachia. Halafu ikanishika tena. Ya baridi.

"Domi?" nikanong'ona.

"Nipo, Dada."

Mlango ukapanda kwa kishindo. Mama Chen alikuwa na tochi, anahema. Akanimulika mimi, akamulika marobota, akammulika Domina. Gauni nililiona mpaka vifungo. Uso haukushika mwanga.

"*Meiyou*," akasema Mama Chen, akirudi nyuma. Hakuna. Ndivyo alivyotwambia kila siku mzigo ukiwa umekwisha. "*Meiyou, meiyou*." Akatuvuta nje, akaushusha mlango, akapiga kufuli.

Ndipo nikasikia, nyuma ya chuma.

Ngo. Ngo.

"Hodi... Dada, hodi. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Domina. Na Domina nilikuwa nimemshika mkono.

Nilimrukia Mama Chen nimnyang'anye funguo. Walinzi wawili wakanibeba mpaka barabarani. Asubuhi nilirudi nikakuta stoo iko wazi, marobota yamehamishwa, sakafu imepigwa deki. Hapakuwa na mtu. Nikajiambia ni hofu tu, maana mchana uso wake niliuona kama kawaida, na kwamba niliyenaye ndiye Domina. Ningemwambia mama nini kingine?

Siku nne baadaye tukafika Same, jua linazama. Mama alikuwa ndani, nilisikia vyombo. Domina alinitangulia nikiwa bado nashusha mabegi, akafika kizingitini akasimama. Mlango ulikuwa wazi. Nyumba aliyozaliwa, na hakuingia.

Akagonga ubao. Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi."

Kwa upole, kama mgeni aliyechoka.

Nilitupa mabegi nikakimbia, napiga kelele, "Mama, nyamaza! Mama, usijibu!" Lakini aliye jikoni angenisikiaje? Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Nikasikia kandambili zake zikija mbio, na kicheko cha furaha.

Halafu mama akakohoa kidogo, kusafisha koo apate kuitikia.