Mshale Usiorudi Sifuri

Oveni ilizimwa saa nane mchana na mikate yote ilikuwa imetoka, lakini mshale wa mita ya ampea ukutani haukurudi sifuri. Ulisimama kwenye nukta mbili, ukitetemeka kidogo. Mama Pacha aligonga kioo kwa ukucha. Wapi!

Akavuta daftari. Kwenye kiwanda kile cha mikate, mwenye zamu aliandika volti na ampea, akagawanya kupata ukinzani, akazidisha kupata nguvu, ili koili ikianza kuchoka ijulikane mapema. Siku zote oveni ikiwaka ilikuwa volti 240, ampea 10. Ukinzani omu 24, nguvu wati 2400. Hesabu ya kidato cha pili. Aliifanya huku anawaza sare za watoto ambazo hazijafuliwa.

Leo oveni imezimwa, na 240 gawanya kwa 0.2 ni omu 1200.

Akarudia hesabu, jibu likawa lilelile. Namba ile aliisoma mwaka jana kwenye ripoti ya mkaguzi wa umeme, baada ya mdogo wake wa kike kufa kazini akiwa ameshika mlango wa oveni hiihii: mikono iliyolowa maji, ukinzani wa mwili omu 1200. Akazidisha. Wati 48. Balbu ya chooni inazidi hapo, na bado zilitosha kuua.

Chini ya ripoti Bosi alikuwa ameongeza maneno mawili: marehemu alizembea. Mama yao mzazi husomewa maneno hayo na kila jirani mwenye mdomo. Mama Pacha aliomba kazi hapa kwa ajili ya maneno hayo. Alitaka kumwona aliyeyaandika akiyafuta. Bosi hakujua kwamba yeye na marehemu ni ndugu. Hakuwahi kuuliza.

"Bosi, oveni inakula umeme ikiwa imezimwa."

"Mita mbovu hiyo."

"Nimeweka nyingine. Namba ileile."

"Basi usiandike, mama. Shida iko wapi?"

Shida ilimfuata Bosi mwenyewe. Kesho yake alishika kitasa, kikamng'ata. Kijiko cha chai, kikamng'ata. Miwani, ikamng'ata puani mpaka machozi yakamtoka. Mama Pacha alishika kitasa kilekile, kijiko kilekile: chuma baridi tu. Siku ya tatu mikate ilitoka na alama za vidole vitano chini, kila mmoja, zimeungua nyeusi. Siku ya nne harufu ya nywele zilizoungua ilijaa chumba cha oveni, na kandambili zenye maji zikasikika zikitembea, chwa, chwa, chwa, kutoka kwenye karo hadi kwenye mlango wa oveni, zikasimama hapo, na Bosi, aliyekuwa amejibanza nyuma ya magunia ya unga akiwa amejifunga mifuko ya nailoni mikononi kama mgonjwa wa ukurutu, akasikia mtu akivuta pumzi karibu kabisa na sikio lake, akaivuta, akaivuta, wala asiitoe.

Jioni hiyohiyo Bosi akamwita mganga, bibi mmoja mfupi asiyejua kubembeleza.

"Umemfanya nini huyu mwanamke aliyesimama kwenye oveni?" alimuuliza Bosi.

"Mimi? Nimemfanya nini tena!"

"Anasema waya."

Bosi akatazama chini. Akanong'ona, "Waya wa ethi. Ule wa kupeleka umeme ardhini ukivuja. Swichi ilikuwa inajizima kila saa, mikate inalala. Nikaukata. Nilidhani nitaurudisha wikiendi."

"Andika hivyohivyo," alisema Mama Pacha, akamsogezea karatasi juu ya meza ya unga.

Akaandika. Katikati akakwama. "Jina lake kamili... lilikuwa nani vile?"

Mama Pacha akamtajia, herufi kwa herufi.

"Wewe umelijuaje?"

"Tulinyonya ziwa moja."

Kalamu ilimdondoka. Akaiokota, akamaliza, akatia sahihi. Mganga akamnawisha mikono kwenye bakuli na kumsukuma mbele. "Nenda kamwombe msamaha. Gusa pale aliposhika yeye."

"Oveni imezimwa?"

"Imezimwa," alisema Mama Pacha. Na kweli ilikuwa imezimwa.

Bosi akagusa mlango kwa ncha za vidole. Vidole vikajifunga vyenyewe. Mgongo ukapinda, meno yakagongana, na taa zikafifia huku ukutani mshale ukipanda taratibu kutoka nukta mbili hadi nukta nne, ukatulia. Mama Pacha aligawanya bila kutaka. Omu 600. Ukinzani umeshuka nusu: watu wawili, bega kwa bega, kwenye waya mmoja.

"Toka!" mganga alipiga kelele kuelekea oveni. Akasikiliza. Akarudi nyuma hatua moja. "Anasema karatasi ameiona. Anasema bado. Zima swichi kuu, mwanangu, zima!"

Swichi kuu ilikuwa nyuma ya bega la Mama Pacha. Aliinua mkono, akaushika mpini wake.

"Da... dada..." Bosi alisaga neno katikati ya meno.

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja.

Kwa mkono mwingine Mama Pacha akainua karatasi hadi usawa wa macho, akaanza kusoma kutoka juu. Yalikuwa maandishi mabaya, na alitaka kuwa na uhakika na kila neno.