Kahawa Iliyolala Jikoni

Baba Pacha alilima kahawa miaka ishirini, lakini yeye mwenyewe alikunywa chai. Kila msimu aliosha buni zake, akazianika chini uani, kisha akazipandisha kwenye dari la jikoni. Huko hazikuibwa wala kunyeshewa. Moto wa mke wake ulizipasha mchana kutwa. Alijiona amepatia kabisa.

Mwaka huo chama cha wakulima kilipeleka kahawa ya kila mwanachama kwenye tamasha la kuonja kahawa na chokoleti. Kahawa itakayokataliwa huko, chama hakitapokea magunia yake. Baba Pacha alivaa koti lake la harusi, akaenda na mkewe.

Ukumbi ulifurika watu. Walipenya kwa viwiko mpaka wakaifikia meza ya mwonjaji, binti mwenye aproni nyeupe. Alichota kahawa ya Baba Pacha kwa kijiko, akaivuta kwa kelele, akaitema kwenye kopo!

Baba Pacha alipigwa na butwaa.

"Binti! Unatema jasho langu?"

"Samahani, baba. Kahawa hii uliihifadhi wapi?"

"Juu ya jiko, panapo joto."

"Pamoja na vitunguu vyangu," Mama Pacha akadakia.

"We mama, nani kakuuliza?"

Binti akampa kipande cha chokoleti. "Hebu onja hii, baba."

Baba Pacha akatafuna. Macho yakamtoka pima.

"Sabuni!"

"Nilikiweka kando ya sabuni siku tatu tu," binti alisema. "Buni nazo hunyonya harufu vivyo hivyo. Zako zimenyonya udongo, moshi na vitunguu."

Miaka ishirini! Baba Pacha alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Jenga kichanja, yaani meza ya miti yenye wavu juu. Tandaza buni, zisirundikane, na uzigeuze mara kwa mara. Mvua ikija, zifunike. Zikikauka vizuri, zitie kwenye gunia safi. Liweke juu ya mbao, katika chumba kikavu kisicho na harufu."

Chama kilikataa magunia yake. Iliuma sana. Siku ya tatu alichukua panga, akaenda kukata miti ya vichanja. Vitunguu vikabaki peke yao darini.

Msimu uliofuata walirudi. Binti yule yule akachota, akavuta, akatema!

"Nimekwisha!" Baba Pacha alishika kichwa.

Binti akacheka mpaka akashika meza. "Baba, sisi hutema zote! Tukimeza vikombe mia, tutalala saa ngapi?"

Kisha akamimina kikombe kizima cha kahawa ile ile. Akanywa taratibu mpaka tone la mwisho.

Baba Pacha alimtazama, mate yakamjaa kinywani.

"Mwanangu," akasema, "hebu nipe na mimi."